Uchumi ukidorora pesa haipotei yote, inahama. Tuifuate wapi?

Mpiga Hesabu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila uchumi ukiyumba huibuka makundi mawili. La kwanza linasema tulia, linda hicho kidogo ulichonacho mpaka upepo upite. La pili linapiga kelele kwamba matajiri huzaliwa wakati wa shida, kisha linakuuzia tiketi ya semina. Mimi simo katika lolote kati ya hayo.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Vyuma vikikaza, watu hawaachi kula, kufua, kusafiri wala kupiga simu. Wanachobadilisha ni namna ya kufanya hayo. Aliyekuwa ananunua kipya anakarabati cha zamani. Aliyetaka kumiliki anakodi. Aliyekuwa akiajiri mtu wa mwezi mzima anamwita wa kazi moja, akimaliza anamlipa, wanaagana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa ipo, ila imehama njia, na anayebaki kaukalia ule mkondo wa zamani ndiye anayelia kwamba hakuna mzunguko.

Mifano ninayo, na nitaileta mitatu tu.

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kufika 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Katikati ya janga hilo alikuwepo Michael Cullen, mwajiriwa wa kampuni ya maduka ya vyakula ya Kroger. Aliwaandikia wakubwa wake barua akipendekeza duka la aina mpya: jengo kubwa nje kidogo ya barabara kuu ambako pango ni nafuu, mteja ajichukulie mwenyewe bidhaa kwenye rafu, alipe taslimu, abebe mzigo wake. Hawakumsikiliza. Akaacha kazi, na Agosti 1930 akafungua King Kullen ndani ya gereji iliyokuwa haitumiki huko Queens, New York. Wengi wanaitaja kama supamaketi ya kwanza kwa maana tunayoijua leo.

Tazameni alichofanya. Hakugundua kitu. Jengo tupu lilikuwepo. Watu wenye magari walikuwepo, wakaweza kufuata duka lililo mbali. Wateja waliobanwa, tayari kuacha kuhudumiwa kaunta ili wapunguziwe bei, walikuwepo tena kwa maelfu. Katika nyakati za neema hesabu hiyo isingevutia wengi, maana mteja mwenye pesa anapenda kuhudumiwa. Mdororo ndio ulioifanya ikubali.

Wa pili ni mdogo lakini mimi naupenda zaidi. Mwaka 1934, mjini Fort Worth, Texas, ilifunguliwa sehemu yenye mashine nne za umeme za kufulia, mtu anakuja na nguo zake, anafua, analipia muda. Mashine ya kufulia ilikuwa nje ya uwezo wa familia nyingi wakati ule. Saa moja ya mashine haikuwa nje ya uwezo wao. Biashara nzima ni hiyo: kitu kikubwa kimekatwakatwa vipande ambavyo mfuko uliochoka unavimudu.

Wa tatu mnaujua. Oktoba 2007 Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa San Francisco, kodi ya nyumba imewashinda, na mkutano wa wabunifu umejaza hoteli zote. Wakapangisha magodoro ya upepo sebuleni kwao. Mwaka uliofuata ikawa kampuni, ndiyo Airbnb ya leo, na Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikaanguka. Ghafla wenye nyumba na wapangaji wengi walihitaji pesa ya ziada, na wasafiri wengi walihitaji pa kulala pasipo bei ya hoteli. (Msisahau pia kwamba hao jamaa waliishi kwa muda kwa kuuza maboksi ya nafaka ya dola 40 yenye majina ya wagombea urais wa Marekani. Uwekezaji haukuwa umefika. Hiyo huwa haisimuliwi kwenye semina.)

Kinachoiunganisha mifano hii: upande mmoja kuna kitu kimelala, yaani gereji, muda wa mashine, chumba. Upande wa pili kuna mtu amebanwa. Mimi nikitembea natafuta hivyo viwili tu, kilicholala na aliyebanwa, kisha najiuliza nani anaweza kuwakutanisha na akabaki na kitu.

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni.

Kiti cha Mbele

Nimeshafika, nimekaa. Endeleeni.

Kaka Mashaka

Mkuu, uzi mzuri ila umetusimulia walioshinda. Walioanzisha maduka 1930 na kufunga 1931 hawana wa kuwaandika. Hata katika nyakati za kawaida, Marekani, takriban nusu ya biashara mpya hazifiki mwaka wa tano.

Tena kuna utafiti wa wachumi Petr Sedláček na Vincent Sterk, ulichapishwa 2017, ukitumia takwimu za makampuni ya Marekani. Waliona kwamba makampuni yanayozaliwa wakati wa mdororo huanza na wafanyakazi wachache, na yanabaki madogo hata uchumi ukishapona. Ni kinyume kabisa cha "shida huzaa matajiri".

Na kuna jambo jingine linanikera. Haya mambo ya kunyemelea gereji za waliofilisika ni kufa kufaana. Tuseme ukweli.

Mpiga Hesabu

Kaka, hoja ya utafiti naikubali bila ubishi, na ndiyo maana sikuandika popote kwamba mtu atatajirika. Lakini soma sababu wanayoitoa. Si kwamba kuzaliwa kwenye shida ni laana. Ni kwamba wakati huo kujenga umati wa wateja kunakuwa kazi ngumu, hivyo wanaoanzisha biashara wanaelekea zaidi kwenye zile ndogo zinazolenga kundi dogo, na chache zaidi ndizo zenye uwezo wa kutanuka. Aina ya biashara unayoichagua siku ya kwanza inakaa nawe muda mrefu. Kwangu hilo ni onyo la maana kuliko kauli zote za kutia moyo: ukianza kitu ambacho kina nafasi kwa sababu tu watu wamekata tamaa, hali ikirejea wateja wanaondoka na wewe unabaki na makabati.

Ndiyo maana supamaketi ilidumu. Watu walipopata pesa tena hawakurudi kaunta.

Kuhusu kufa kufaana: inategemea unafaana vipi. Mwenye jengo tupu anayelipiwa nusu ya pango la zamani hajaibiwa, mradi mmekubaliana naye waziwazi. Anayemnunulia mfanyakazi aliyefukuzwa vifaa vyake kwa bei ya kutupa huku akijua kesho hana cha kufanyia kazi, huyo simtetei. Mwachie vifaa vyake, mgawane kazi.

Kaka Mashaka

Hapo sawa. Naendelea kusoma, ila jicho sijalifumba.

Fundi Roli

Mimi si mtu wa historia, natengeneza mashine za kuchapisha na kunakili za maofisini. Niwape picha ya huku chini.

Uchumi ukiwa mzuri ofisi ikiharibikiwa mashine inanunua nyingine, mimi naitwa kuibeba tu. Ukiwa mbaya simu zinaanza mapema: "Fundi, hii inaweza kuvuta mwaka mwingine?" Inaweza. Mashine hizi hazifi zote kwa mkupuo. Kinachochakaa kwanza ni roli za mpira zinazovuta karatasi, halafu kile kitengo cha joto kinachogandisha wino. Bodi ya umeme, mota na skana mara nyingi zimebaki nzima kabisa.

Sasa kazi yenyewe haiko kwenye bisibisi, iko kwenye vipuri. Ofisi zinazofunga zinakuwa na mashine tatu, nne za aina moja, na wanataka chumba kiwe tupu kabla ya tarehe ya kukabidhi funguo. Hapo sinunui mashine ya kuuza. Nanunua maiti za aina ambayo wateja wangu bado wanazo, nazifungua, kila kipuri nakipima na kukiandikia kimetoka mashine gani na ilikuwa imeshachapa kurasa ngapi, maana mashine nyingi zinajihesabia zenyewe humo kwenye menyu. Mteja akipiga simu kipuri kiko rafuni. Fundi mwenzangu anaagiza na kusubiri, na ofisi haiwezi kusubiri.

Kitu kingine, sifungui mashine kabla ya mteja kulipia kipuri. Ufundi atalipa nikimaliza, kipuri kwanza. Wakati wa neema nilikuwa sijali hilo. Siku hizi kampuni inakupigia ikiwa imebakiza wiki chache ifunge, na hawatakuambia.

Mpiga Hesabu

Fundi, hii ingetosha kuwa uzi peke yake. Mmesikia: amefuata mkondo wa ukarabati, lakini hakusimama palipojaa mafundi, amesimama pale wanapokwamia.

Nuru Asubuhi

Habari za humu. Mimi nimepunguzwa kazini, nilikuwa idara ya mishahara na mafao ya wafanyakazi. Nimelipwa kiinua mgongo. Kila ndugu ana wazo lake, wengi wanasema nifungue duka la nguo kwa sababu fremu sasa hivi ziko tupu nyingi na wenye nyumba wanabembeleza. Mnanishauri nini?

Kiti cha Mbele

Dada usifungue duka la nguo kwa sababu ya fremu tupu. Jiulize fremu imekuwaje tupu.

Mpiga Hesabu

Pole sana dada Nuru. Kiti cha Mbele kasema kwa mkato ila kasema kweli. Nguo ni kati ya vitu ambavyo mtu akibanwa huahirisha kwanza, pamoja na samani, magari na mapambo. Anavaa za mwaka jana. Dawa, sabuni, vipuri na ada haviahirishiki kirahisi.

Lakini nikuulize: waliokupunguza, mishahara sasa inaandaliwa na nani?

Nuru Asubuhi

Amebaki dada mmoja, anafanya kazi ya watu watatu. Ananipigia karibu kila mwisho wa mwezi kuniuliza mambo ya makato.

Mpiga Hesabu

Basi biashara yako imeshaanza kukupigia simu, ila unaihudumia bure.

Kilichopunguzwa pale ni mtu, kazi iko palepale. Mishahara lazima iandaliwe, makato yapelekwe kunakohusika kwa wakati, la sivyo kuna faini. Na kampuni ndogo zilizo nyingi hazijawahi kuwa na mtu wa kufanya hivyo vizuri. Kampuni moja haikuhitaji mwezi mzima, inakuhitaji siku mbili tatu. Nane kama hizo zikikuhitaji siku mbili mbili, mwezi unakaribia kujaa, na ikiondoka moja hujabaki mikono mitupu.

Mambo mawili uyaangalie kabla ya kumpigia mtu. Soma mkataba wako wa zamani na hati ya kuachishwa, kama kuna kifungu kinachokukataza kuhudumia wateja au washindani wao kwa muda fulani. Na taarifa za mishahara za watu usiondoke nazo wala usizitaje kwingine, hata kwa mfano.

Kiinua mgongo kiweke pembeni. Toa sehemu ndogo ya kompyuta, programu na usajili. Iliyobaki ni ya kula wakati wateja hawajatosha. Mtu mwenye akiba ya kula anaweza kumkataa mteja mbaya, na hilo ni mtaji kuliko fremu.

Bingwa wa Soko

Mimi naona mnazunguka. Mdororo uuze anasa ndogo ndogo. Mtu kashindwa kununua gari atanunua manukato. Imethibitishwa hiyo.

Mpiga Hesabu

Haijathibitishwa hivyo, mkuu. Wazo hilo la anasa ndogo, ambalo mfano wake maarufu ni rangi ya mdomo, lilivumishwa na Leonard Lauder wa kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, baada ya mauzo kupanda mwaka 2001. Wengine walipofuatilia takwimu za midororo mingine hazikuendana nayo vizuri. Inaweza kufanya kazi, ila usiweke mtaji wako wote juu ya msemo wa muuzaji wa hicho hicho anachokisema.

Mtunza Daftari

Niingie na mimi, kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya biashara ndogo. Mnazungumzia fursa, mimi huwa naitwa fursa ikishageuka msiba. Na mara nyingi ninachokikuta ni biashara yenye faida.

Chukueni namba rahisi. Unanunua mzigo wa 100, unauza 140. Msambazaji wako, kwa sababu na yeye kabanwa, anataka pesa yake ndani ya siku 7. Mteja wako ni kampuni inayolipa siku ya 60. Kwa siku 53 wewe ndiye benki ya mteja, tena benki isiyotoza riba. Ukafurahi umepata wateja wengine wawili wa namna hiyo hiyo. Sasa unatakiwa uwe na 300 ili daftari lisome faida ya 120. Huna 300, unakopa. Riba inaanza kuimega hiyo 120. Mmoja akichelewa mpaka siku ya 90 umekwisha, na daftari bado linaonyesha faida.

Uchumi ukidorora hizo siku ndizo zinazorefuka kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo mimi mtu akiniletea wazo, siulizi faida ni kiasi gani, nauliza nani anatangulia kulipa. Duka la Cullen, mteja analipa taslimu. Mashine za kufulia, analipa kabla ya kuondoka. Fundi Roli anachukua pesa ya kipuri kwanza. Sidhani kama ni bahati mbaya kwamba mifano yote iliyosimama humu ina hilo.

Kuna wanaotoa punguzo kwa anayelipa mapema, mathalani asilimia 2 akilipa ndani ya siku 10 badala ya 30. Inasaidia, ila pigeni hesabu. Kumpa mtu asilimia 2 ili akulipe siku 20 mapema ni sawa na kukopa kwa riba ya takriban asilimia 37 kwa mwaka. Fanya hivyo ukiwa umebanwa kweli, usiifanye desturi.

Dada Nuru, wewe omba malipo mwanzo wa mwezi. Huduma ya mishahara watu hawaichezei.

Kaka Mashaka

Hapo mmenigusa. Mtunza Daftari, huu ndio uzi niliokuwa nautaka.

Njia Panda

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa: wakati mwingine bidhaa zipo, wateja wapo, ujuzi upo, kinachokosekana ni pesa ya kubadilishania. Hapo pia pana kazi ya mtu.

Uswisi, mwaka 1934, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wamekauka taslimu walianzisha WIR, mfumo wa kupeana mikopo wao kwa wao. Seremala anamtengenezea mpaka rangi madirisha, haandikiwi pesa, anaandikiwa salio kwenye mfumo, na salio hilo analitumia kwa muuza mbao. Upo hadi leo kama benki.

Argentina nako kulikuwa na klabu za kubadilishana. Ya kwanza ilianza Bernal, karibu na Buenos Aires, mwaka 1995. Mgogoro wa 2001 ulipofunga akaunti za benki za watu, klabu zikafurika. Wakawa wanatumia vocha zao za karatasi. Kufika 2002 vocha za kughushi zilikuwa zimejaa, imani ikavunjika, klabu nyingi zikafa.

Tofauti ninayoiona mimi ni utunzaji wa kumbukumbu. Kule Uswisi kila deni lina jina la mdaiwa na mara nyingi dhamana. Kule kwingine karatasi ilitembea peke yake. Kwa hiyo mkiwa wafanyabiashara sita saba mnaofahamiana, mnaweza kubadilishana huduma na mkaokoa taslimu, ila awepo mmoja wa kuandika kila kitu, na mwisho wa mwezi kila mtu asaini. Na kodi ya serikali huwa inadaiwa hata kama hamjashikana pesa, ulizeni kwanza.

Bingwa wa Soko

Sasa wote tukiwa mafundi na watunza mishahara, nani atabuni kitu kipya?

Mpiga Hesabu

Wapo. Bill Hewlett na Dave Packard walianza 1939, gerejini, Palo Alto, na dola 538. Kifaa chao cha kwanza kilikuwa cha kutoa mawimbi ya sauti ya kupimia mitambo. Ndani yake waliweka balbu ndogo ya kawaida kuituliza saketi, kazi ambayo wengine walikuwa wakiifanya kwa njia za gharama kubwa, hivyo wakauza kwa bei ya chini mno kuliko wapinzani. Kampuni ya Walt Disney ilinunua vinane. Kwa hiyo kitu kipya kilikuwepo, lakini angalia kilikwenda kwa nani: kwa kampuni iliyokuwa tayari inanunua vifaa vya namna hiyo kwa bei ghali. Kumfundisha mteja aliyebanwa ahitaji kitu ambacho jana hakukihitaji ni kazi ya wenye mtaji mrefu.

Nyongeza nyingine iliyonijia nikisoma michango: wateja yatima. Biashara ikifunga, mashine ilizouza zinabaki kwa watu, na dhamana imekufa nayo. Hao watu wanahitaji matengenezo, wanahitaji vitu vya kujazia, na hawajui pa kwenda. Mara nyingi fundi wa zamani wa pale anawajua wote kwa majina. Mtafuteni huyo kabla ya kutafuta wazo.

Nuru Asubuhi

Asanteni sana. Nimeongea na yule dada aliyebaki, amesema bosi wake mwenyewe alishauliza kama kuna mtu wa nje. Mkataba wangu hauna kizuizi, nimeusoma wote. Naandaa barua ya maombi, nitatoza kwa idadi ya wafanyakazi. Swali: bei niwape ya chini ili wanikubali?

Mtunza Daftari

Hapana. Wape mwezi wa kwanza kwa wigo mdogo, bei yako kamili. Ukianza chini hawatakupandisha mpaka uchumi upone, na ukipona watatafuta mwajiriwa.

Kiti cha Mbele

Fundi Roli, hizo mashine za ofisi zinazofunga unazipataje? Mnadani?

Fundi Roli

Mnadani naenda, ila pale mnapigana bei na watu wasiojua wanachonunua, wanaipandisha bure. Nyingi nazipata kwa wasafishaji na walinzi wa majengo, wao ndio wanaojua kabla ya tangazo ni ghorofa gani inahama. Ila hakikisha anayekuuzia ana mamlaka. Mashine nyingi za maofisini ni za kukodi, mwenyewe ni kampuni nyingine kabisa, utabeba mali ya watu. Tafuta kibandiko cha namba ya mali, kwa kawaida kiko nyuma au ndani ya mlango wa mbele, upige simu kuuliza. Kama kimebanduliwa na gundi bado inaonekana, iache hapo hapo.